Sehemu ya 4: Mzazi hadeki

Mama zangu, na nyie mawifi na mama wakwe, leo nawasema kidogo.

Kuna neno limezoeleka huku kwetu Ngaramtoni: "anadeka." Mzazi wa siku ya nne analia, mtoto mzima, mtori upo, maji ya moto yapo, basi anadeka. Au karogwa. Mimi nalikataa hilo neno.

Ukiwa mjamzito, kondo la nyuma linatengeneza homoni ya estrojeni kwa wingi sana. Kondo likitoka, kiwanda kimefungwa; ndani ya siku chache estrojeni inaporomoka. Na homoni hii haifanyi kazi kwenye kizazi tu. Inafika kwenye ubongo, zile sehemu za hofu na furaha, na inasaidia serotonini, kemikali inayotuliza moyo. Sasa unashangaa nini mtu akilia, au akiamka kila mara kushika kifua cha mtoto aone kama anapumua?

Utaniambia, "Mimi nimezaa watano sijalia." Sawa dada. Homoni inashuka kwetu sote ila bongo hazifanani. Na siyo homoni peke yake: usingizi hakuna, hela hakuna, mume anagomba. (Kwa hiyo msikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya homoni, tafadhali.)

Kilio cha siku za mwanzo huwa kinaisha chenyewe ndani ya wiki mbili. Kikizidi hapo, au hofu haimwachi, huo ni ugonjwa, na unatibika hata akiwa ananyonyesha. Anayesikia sauti, halali kabisa, au anasema atamdhuru mtoto, apelekwe hospitali leo hii. Msimwache peke yake.

Kinachoniuma: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199, inakubali kwamba akili ya mama inaweza kuyumba kwa sababu ya kujifungua. Lakini kifungu hicho kinasomwa mtoto akiwa ameshakufa na mama yuko kizimbani. Hakimu anaelewa, wifi haelewi!

Na kliniki nyingi ni hivyo hivyo. Mtoto mzani, mtoto chanjo, mama anafunga mgongoni anaondoka, hakuna aliyemuuliza lolote. Wewe unayemsindikiza safari ijayo, mwambie nesi, "Naomba umuulize na mama analalaje." Akikwambia foleni ni ndefu, kaa hapo hapo kwenye benchi.