Lambda Haikufungiwa Mlango
Wapo waandishi wanaodai kwamba kirusi kinachoshambulia bakteria hakiwezi kupata njia mpya ya kuingia, kwa kuwa mabadiliko ya jeni huharibu tu. Wamechelewa: dai hilo lilianguka mwaka 2012.

Justin Meyer na wenzake, huko Michigan, walikuza virusi vya lambda pamoja na bakteria E. coli. Bakteria wakapunguza LamB, protini ambayo lambda huishika ili kuingia. Katika makundi 96, 24 yalizaa lambda inayoingia kupitia protini nyingine, OmpF.

Hoja dhaifu kuliko zote ni eti mabadiliko manne ya jeni yaliyohitajika ili lambda itumie OmpF hayawezi kutokea kwa mpigo. Nani kasema kwa mpigo? Ya awali yalienea kwa sababu yaliboresha ushikaji wa LamB ileile. OmpF ilifuata baadaye.