Glavu ya Kitambaa Si Kinga

Katika Wilaya ya Karatu, kwenye vitunguu vya Mang'ola na kahawa ya Oldeani, mwajiri anayempa mnyunyizaji wa dawa za kuua wadudu glavu za kitambaa hajampa kinga. Kitambaa hunywa sumu na kuigandisha mkononi kutwa nzima. Kinachofaa ni glavu ndefu za mpira wa naitraili, zisizo na bitana, zioshwe kabla ya kuvuliwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Neno hilo la mwisho ndilo linalorukwa. Ndugu bwana shamba, likague. Nawe mwalimu mwenye bustani ya shule, usimpe mtoto bomba la dawa, hata kwa glavu bora.