Kiswahili cha Jikoni Kisidharauliwe

Kila inapowadia likizo, walimu wenzangu huwapa wanafunzi rundo la mazoezi ya kwenda nayo nyumbani, na miongoni mwayo aghalabu huwamo insha ya resipe. Mwanafunzi hurejea muhula ufuatao akiwa na kurasa mbili zenye kichwa, viambato na hatua zilizopangwa barabara. Umbo la insha halina kasoro. Lakini atakayethubutu kuzifuata hatua zile jikoni kwake hatakula kitu siku hiyo.

Nimezisoma insha za aina hii kwa miaka mingi, zikiwemo za vijana wanaojiandaa kuwa walimu wa Kiswahili, na ninaweza kukisia vitenzi vyake kabla ya kufungua karatasi. Ni viwili: kuweka na kuchanganya. Unga huwekwa, mayai huwekwa, sukari huchanganywa, kisha vyote "huwekwa" kwenye moto. Kitenzi kuoka hakionekani, na ukimsikiliza kijana huyo huyo akizungumza na wenzake, atakwambia kwamba dada yake anajua "kubeki" keki. Ilhali tangu utotoni alisimuliwa kisa cha Yusufu gerezani pamoja na mwokaji wa Farao. Yaelekea neno lilibaki kule Misri.

Nawaalika wasomaji waliokulia bara tuingie katika nyumba ya Waswahili, Mombasa au Lamu, siku mbili tatu kabla ya Idi, vileja vinapotengenezwa. Kileja ni biskuti ndogo ya mviringo, nyeupe, inayotengenezwa kwa unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki, na ambayo mgeni wa Idi hukaribishwa nayo pamoja na visheti na kaimati.

Kazi huanza na mchele, ambao huroweshwa, ukaanikwa, ukatwangwa au ukasagwa. Unga wake huchungwa, au huchekechwa kama wasemavyo wengine. Mama akimwona binti akiutikisa katika ungo atamwambia kwamba huko ni kupepeta, na kupepeta ni kwa kutoa makapi. Kuchunga ni kutenga unga laini na chenga. Samli na sukari hupigwa pamoja hata zikawa nyeupe, kisha mayai, kisha iliki iliyopondwa. Ndipo unga hutiwa kidogo kidogo. Naomba msomaji asikie vizuri: hutiwa, hauwekwi. Sufuria huwekwa jikoni, chumvi hutiwa mchuzini. Kilichowekwa hukaa mahali pake na kilichotiwa huingia ndani ya kingine. Tofauti hii nimeieleza ubaoni kwa mihadhara mizima, na mtoto wa miaka saba aliyesimama kando ya bakuli huipata kwa kukaripiwa mara moja.

Unga wa vileja haukandwi kwa nguvu kama wa chapati. Hukusanywa, ukafinyangwa viduara, navyo vikabonyezwa kwa kidole na kutiwa tone la kiini cha yai au la zafarani. Wala hauumuki kama unga wa mahamri, ambao umepata jina kwa mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa hamira. (Wanafunzi wangu wengi husema unga "umefura". Kinachofura ni jipu.)

Sasa tufike kwenye moto. Nyumba nyingi hazina tanuri, na kwa hiyo vileja hupangwa katika sinia dogo ndani ya sufuria pana, makaa yakapunguzwa chini, sufuria ikafunikwa, na makaa mengine yakapaliwa juu ya kifuniko. Huko ndiko kupalia. Mwanafunzi wa Nyeri au Bungoma analijua kupalia la shambani, la kuondoa magugu, na huenda amewahi kupaliwa na maji. Hili la tatu ni geni kwake ingawa tendo lenyewe si geni hata kidogo, kwani jirani zake huoka keki ya Krismasi kwa sufuria iliyotiwa ndani ya sufuria nyingine yenye mchanga, na makaa juu. Anafanya jambo asilokuwa na neno lake, na neno lipo Mombasa likingoja.

Kileja kilichoiva hakigeuki rangi juu. Mwokaji hukiinua kimoja akatazama chini yake. Na kwa kuwa mchele hauna ule mnato wa ngano, ukikitia kinywani hakihitaji kutafunwa: humumunyika. Ningependa kusoma insha moja tu ya kidato cha tatu yenye kitenzi hicho.

Yako wapi maneno haya katika masomo yetu? Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani, lakini upishi ulifundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili akabakiwa na umbo tupu la resipe. Nasi wasomi tuna lawama yetu. Kila Julai 7, siku ambayo Unesco iliitangaza mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani, tunahutubu juu ya istilahi za kompyuta. Sijasikia hotuba juu ya makaa.

Dharau hii ina historia. "Kiswahili cha jikoni" lilikuwa jina la kubezea lugha iliyovunjikavunjika ambayo walowezi waliwaamuru nayo wapishi wao, ile iliyoitwa pia Kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kilichowalenga walowezi, askari na wake zao. Jina likashika, na jiko likalaumiwa kwa lugha ya mtu asiyepika.

Najua nitakavyojibiwa. Samli ni ghali, na mama aliyetoka kazini jioni hana nguvu za kutwanga mchele ilhali dukani pana biskuti za kopo. Simlaumu, anunue. Tena sitaki wasichana warudishwe mekoni kwa kisingizio cha sarufi ilhali kaka zao wanatazama mpira. Ninachotaka ni kidogo zaidi. Likizo hii kila mwanafunzi, mvulana kwa msichana, ashiriki mara moja katika uokaji wowote wa nyumbani kwao, uwe wa vileja, wa keki ya sufuria au wa mkate wa sinia. Ayaulize majina ya matendo kwa anayeyatenda, aulize vipimo pia, kwa maana bado wapo wazee wanaopima kwa kibaba na wanaojua kwamba vibaba vinne ni pishi. Kisha aandike resipe yake.

Na mwalimu atakayepokea karatasi yenye kuchunga, kutia, kupalia na kumumunyika asiyazungushie maneno hayo wino mwekundu kwa sababu tu hayamo katika mwongozo wake wa kusahihishia. Afungue kamusi kwanza, na kama kamusi nayo haimtoshelezi, amuulize mwanafunzi ni nani aliyemfunza.