Saa za Ziada Nairobi: Pumwani na Nyumba Zisizo na Ardhi

Mtu wa pwani siku hizi haendi Nairobi kukaa. Huenda kumaliza shughuli. Ana faili ya ofisini anayoifuatia, au pasi ya kusafiria, au mgonjwa wake amelazwa huko, na jambo lake likiisha moyo umeshageuka nyuma. Tangu reli mpya ianze kuchukua abiria mwaka 1967 na hamsini mbele yake, yaani 2017 (wazee wenzangu wanisamehe, hesabu zetu bado ni za karne iliyopita), inawezekana kupanda gari la moshi Mombasa usiku, ukateremka Syokimau kabla ya alfajiri, ukafanya yako mchana, na ukarudi usiku wa pili. Baina ya sala ya adhuhuri na gari hilo la saa nne usiku hubaki saa ambazo hazina mwenyewe.

Wengi wetu tunazipoteza. Mmoja atakwenda Eastleigh kupatana bei ya vitambaa, mwingine ataingia katika maduka makubwa ya Westlands akapande ngazi zinazotembea zenyewe na kushuka, na ukimwuliza ameona nini, hana la kukujibu. Mimi nasali Msikiti wa Jamia, ule ulioanza kujengwa 1925 ukamalizika 1933, kisha naelekea mashariki. Naipita River Road, naipita stendi ya mabasi ya Machakos, najipenyeza katika Gikomba baina ya marundo ya mitumba na mafundi wanaogonga mabati, na huko ng'ambo ya kelele nakuta Pumwani. Si mwendo wa mbali. Mfuko tu uwe wa mbele, na mkono juu yake.

Magazeti hayatuletei Pumwani ila kwa habari mbaya. Likiungua soko la Gikomba, kama lilivyoungua Juni 2018 na watu 15 wakafa, tutausoma mtaa huo siku mbili. Kukitajwa wizi au vijana waliopotelea Somalia, tutausoma tena. Basi msomaji wa Lamu au wa Mombasa hukaa akidhani ni pahala pa kuogopwa, wala hajui kwamba akifika huko atajiona yuko kwao.

Kwani nyumba zenyewe ni zetu. Katika sehemu ya zamani, inayoitwa Majengo, bado zimo nyumba za udongo na mabati zilizopangwa kama zilivyopangwa Majengo ya Mombasa na Ng'ambo ya Unguja: mlango katikati, ujia ulionyooka hadi uwani, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Kuna baraza pale ambapo mlango wa mbele haujazibwa na kibanda. Kuna mahamri asubuhi na viazi karai alasiri. Kuna Msikiti wa Riyadha, na jina hilo mtu wa Lamu halipiti bila ya kumkumbuka Habib Swaleh. Kuna njia inayoitwa Digo. Wenyeji husema jina Pumwani ni pahala pa kupumua, pa kupumzikia. Kama ndivyo, basi waliolitoa walikuwa na haja kubwa ya pumzi, maana walifika hapo wakifukuzwa.

Nairobi ilianza 1899 reli ilipofika. Nyuma ya reli walikuja wapagazi, wapishi, askari, mafundi na wachuuzi, wengi wao Waislamu na wasemaji wa Kiswahili: watu wa mwambao, Wangazija, Wamanyema, Wanubi. Walijijengea vijiji kando ya mji wa Wazungu. Kimoja kiliitwa Mombasa, kimoja Pangani, kimoja Maskini, kimoja Kaburini. Serikali ya kikoloni haikuvipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikapima kiwanja kimoja upande wa mashariki, ikasema Mwafrika anayetaka kujijengea nyumba yake Nairobi atajenga hapa tu, na vijiji vingine vikavunjwa kimoja baada ya kimoja. Pangani kilishikilia mpaka 1939. Wenye nyumba wake walihamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba za manispaa.

Hapo Pumwani ndipo likatokea jambo ambalo sisi wa pwani hatulijui au hatupendi kulisema. Wajenzi wa mtaa huu hawakuwa wanaume peke yao. Hesabu iliyochukuliwa 1943, aliyoieleza mtaalamu Janet Bujra katika maandishi yake ya miaka ya 1970, ilionyesha kwamba katika kila wenye nyumba kumi, kiasi cha wanne walikuwa wanawake. Wengi walikuwa wametoka bara, Wakikuyu na wengineo, wamekimbia ndoa mbaya au njaa, au wamefiwa na hawana pa kurudi. Walifika, wakasilimu, wakapewa majina ya Mwana na ya Fatuma, wakavaa kanga, wakacheza lelemama, wakasema Kiswahili. Fedha zao walizipata kwa kupika chakula, kwa kupika pombe, kwa kupangisha vyumba, na wengine, sitaficha, kwa kujiuza. Mmarekani Luise White aliwasikiliza wazee hao na kutoa kitabu 1990, na humo utawaona wakihesabu senti zao kwa hesabu kali kuliko karani yeyote wa benki. Mungu ndiye mwenye kuhukumu. Ninalolitazama mimi ni kwamba katika mji ambao mwanamke Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mtu wa kukaa humo, wao walisimamisha nyumba, wakazilea, wakaziacha.

Waliziacha kwa nani, na kwa hati gani? Hili ndilo lililonikalisha barazani mara ya mwisho nilipokwenda, mpaka alasiri ikakaribia kunipita.

Waliojenga Pumwani hawakupewa ardhi. Walipewa ruhusa ya kukaa kwa muda, nao wakalipa kodi ya kiwanja. Nyumba ilikuwa yao, na udongo ulio ndani ya kuta zake, lakini udongo ulio chini ya kuta hizo ulikuwa wa manispaa. Sina haja ya kumfafanulia msomaji wa Mombasa. Majengo yetu, Kisauni na Likoni, tumeishi humo karne nzima kwa desturi ya nyumba bila ardhi: wewe unajenga, mwingine ana hati, nawe unamlipa kila mwezi hadi siku atakapouza kiwanja na wewe ndani yake. Tofauti ni moja. Kwetu mwenye ardhi ana jina na mlango, unaweza kwenda kumlilia. Kwao mwenye ardhi ni jiji, na jiji halina mlango mmoja.

Mtu akifa, kadhi hugawa mirathi. Huwagawia warithi nyumba, na nyumba ni chumba hiki na kile na kodi yake. Kizazi cha pili hugawana kilichogawanywa. Hivyo katika nyumba moja ya vyumba sita unaweza kukuta wenye haki kumi na wawili, watatu wako Mombasa, mmoja Dubai, na katika daftari la mji, kama jina lipo, ni la bibi aliyekwishazikwa zamani. Na yule asiyekuwa na mtoto akasema nyumba yangu ni wakfu wa msikiti, amefanya wakfu wa kitu gani hasa, ikiwa mabati na miti ndiyo mali yake na kiwanja si chake? Wanachuoni wanaweza kulijibu swali hili. Wapimaji wa ardhi hata hawaliulizi.

Nayo sasa ni masuala ya leo. Serikali imeshika kazi ya kujenga nyumba za bei nafuu mijini. Kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri anatia kiasi kama hicho. Mahakama Kuu iliipinga tozo hiyo Novemba 2023, Bunge likairudisha kwa sheria mpya Machi 2024. Maghorofa yameinuka Ngara, yameinuka Pangani mahali pa nyumba za zamani za jiji. Majina ya Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni hayakosekani katika mazungumzo ya mitaa ya kubomolewa na kujengwa upya. Baada ya mafuriko ya 2024 waliokaa kando ya mito ya Nairobi waliondolewa kwa amri ya siku chache. Pumwani, iliyo hatua chache kutoka sokoni na si mbali na katikati ya jiji, ni ardhi ya thamani kubwa. Anayedhani haitaguswa ana matumaini mema.

Isitoshe, imeshaguswa. Baada ya uhuru Halmashauri ya Jiji iliijenga upya sehemu ya eneo hilo, na ndiyo maana leo pembeni mwa Majengo kuna mtaa wa nyumba za mawe unaoitwa California, na mwingine unaoitwa Biafra kwa jina la vita vya Nijeria vya 1967 hadi 1970. (Vijana wa Eastlands hawana mfano kwa kubatiza mitaa. Kiswahili chao cha Sheng kinanitia homa, lakini majina yao nayahusudu.) Nyumba za mawe ni nzuri, ila kodi yake si kodi ya chumba cha udongo. Chumba cha udongo hupangwa na mchukuzi wa Gikomba, na mama mwenye ndoo ya samaki wa kukaanga, na kijana aliyeshuka jana kutoka Kitui. Hao mshahara wa kukatwa asilimia hawana. Ukiwavunjia watahamia kwingine kulikochakaa, wala hutawaona wakija kudai funguo.

Mimi si katika wale wanaolilia udongo. Nimeuona ujia uliojaa maji ya mvua, na choo kimoja kwa watu wasiohesabika, na mtoto anayekohoa kwa moshi wa jiko. Pumwani hiyo hiyo ina hospitali ya uzazi iliyoanza 1926, kubwa kuliko zote za uzazi nchini, na sioni fahari ya mtoto kuzaliwa penye madaktari kisha akalelewa penye maji machafu. Wajenge. Unguja walijenga Michenzani katika miaka ya 1970 juu ya viwanja vya Ng'ambo, na waliovunjiwa nyumba zao walipewa nafasi katika majumba yale marefu. Wako waliolalamika kwamba mbuzi hapandi ngazi, na wako mpaka leo wanaojivunia. Lakini walihesabiwa kwanza kuwa ni wenye nyumba.

Hilo la kuhesabiwa ndilo ninalolishikilia. Pangani ya miaka hii, kabla ya kuvunjwa nyumba za jiji, wapangaji wa zamani waliahidiwa nafasi katika jengo jipya, na ahadi hiyo iliwezekana kwa sababu majina yao yalikuwamo katika daftari. Sheria ya ardhi iliyorekebishwa 2016 inataka ilani ya miezi mitatu kabla ya kuhamisha watu. Ni kheri, lakini ilani hupelekewa mtu anayejulikana. Pumwani daftari na mtaa ni vitu viwili mbalimbali. Iwapo kazi ya kuandika wenye nyumba, warithi wao na wapangaji wa vyumba itangoja mpaka mkandarasi ashike jembe, itafanywa kwa haraka, na penye haraka ya namna hiyo huandikwa mwenye sauti. Ifanywe sasa, mlango kwa mlango, kadhi akiwapo na hukumu zake za mirathi, maimamu wakiwapo, na machifu. Orodha ibandikwe ukutani mtu aisome na aipinge. Si kazi ya fedha nyingi. Ni kazi ya subira, na pengine ndiyo sababu haipendwi.

Na sisi wa pwani tusikae tukatazama kama wanaotazama mechi ya wengine. Buxton, Mombasa, tuliyaona 2021: nyumba za zamani zikatoka, maghorofa yakaja, na maneno mengi baina yake. Bado Majengo yetu wenyewe.

Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya bibi mmoja ambaye nyumba yake, kama alivyonieleza, aliijenga bibi yake mzaa mama. Nilipomwamkia shikamoo alinijibu marahaba kwa lafudhi ambayo ningemdhania mtu wa Mvita, kumbe Mombasa amefika mara mbili tu maishani. Alinitilia kahawa. Nilimwuliza ana karatasi gani ya nyumba. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na ndani yake risiti za kodi ya kiwanja, za rangi zote, nyingine wino umekwisha kabisa.

"Hizi ndizo hati zangu, mwanangu," akasema. "Bibi alisema tusitupe hata moja."

Nikazitazama moja moja, kwa adabu, kama mtu anayetazamishwa picha za harusi. Hakuna hata moja iliyosema kwamba kiwanja ni chake.

"Na wewe huko Mombasa," akaniuliza huku akizifunga tena, "una nyumba?"

Nikamwambia ninayo, aliijenga marehemu baba, Majengo.

"Na ardhi?"

Mwadhini wa Riyadha alikuwa ameshaanza maghribi, nami nina safari ya Syokimau. Nilimwaga, akanifungia kaimati katika karatasi za njiani.