Breki Kwanza, Mbio Baadaye

Vijana wengi wana uchu wa magari madogo yenye mbio kama Subaru Impreza. Wakipata pesa, hukimbilia ekzosi ya kunguruma. Mimi nasema pesa hizo zianzie kwenye breki!

Fizikia yatufunza kuwa breki hugeuza mwendo kuwa joto. Ukiongeza mwendo maradufu, joto la kulisimamisha gari huwa mara nne. Sasa hebu fikiria dereva anayeteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, mguu haubanduki kwenye breki. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za sentigredi, lakini yakishanyonya unyevu, hata nyuzi 155 zaweza kuyachemsha. Yakichemka hutoa mapovu, pedali ikazama na gari lisisimame. Hapo ekzosi itakusaidia nini, jamani?

Dawa yake si ghali. Badilisha mafuta hayo kila miaka miwili, tia padi zinazostahimili joto, usizibe hewa inayopoza diski, na mteremkoni tumia gia ya pili ili injini ishike gari. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.