Wakala wa Nyumba: Nguvu na Uaminifu

Wako ndugu zetu katika Nkome, mkoani Geita, waliojaaliwa na Mwenyezi Mungu kujenga nyumba yao ya kwanza ya kupangisha, hali wenyewe wakaa Mwanza au Geita mjini. Swali lao ni moja: nani akabidhiwe funguo?

Kwanza yafaa tuwatenge watu wawili ambao wengi huwachanganya. Dalali kazi yake ni kutafuta mpangaji. Akimpata huchukua ujira, ambao katika miji yetu mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja, akaenda zake. Wakala hubaki: hupokea kodi, huangalia paa na choo, husikiliza mashitaka. Dalali hufaidika kila mpangaji anapohama. Basi tujihadhari kumpa mtu mmoja kazi zote mbili.

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, tunasoma kwamba binti wa mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.) kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wengi wetu hushika moja tu. Twampa kazi mpwa wetu kwa kuwa ni damu yetu, wala hajui kuandika stakabadhi. Au twampa mjanja ajuaye kila kitu ila haki ya watu.

Nguvu katika kazi hii ni ujuzi. Nkome ni mahali pa ziwa. Mvuvi wa dagaa hupata fedha katika usiku wa giza, na mbalamwezi ing'aapo mitumbwi hupumzika. Wakala asiyejua hayo atamdai mpangaji siku asiyo na kitu, amfukuze na watoto wake, na nyumba ibaki tupu. Ajuaye atapatana naye tangu mwanzo kodi ilipwe baada ya giza.

Ama uaminifu, usiulize maneno yake. Waulize wapangaji wa nyumba nyingine anazozisimamia, na zaidi wale waliohama.

Kisha andikeni, kama tulivyoamrishwa juu ya madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282. Andikeni ujira wake, siku ya kuleta kodi, na kiasi anachoweza kutumia kwa matengenezo pasipo idhini. Katika sheria yetu wakala ni mwaminiwa: mali ikipotea bila ya uzembe wake halipi, lakini akivuka mipaka aliyowekewa hulipa. Mipaka isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha.

Andikeni pia kwamba nyumba haitakuwa kilabu cha pombe wala mahali pa kamari, na kwamba kodi iliyochelewa haitaongezwa faini, kwani ziada juu ya deni ina sura ya riba, na aya ya 280 imetutaka tumngoje mwenye dhiki.

Asiseme mwenye nyumba, "Hayo kayafanya wakala." Mkono wa wakala ni mkono wako, na kodi aliyoikusanya kwa dhuluma italiwa na watoto wako.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika chumo la halali. Amin.