Soko Letu na Hofu ya Maradhi

Kwenda sokoni ni kazi ndogo. Mtoto hupewa faranga mia akatumwa chumvi, akaenda, akarudi, wala hapana amwonaye ajabu. Lakini katika mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, kazi hiyo ndogo iligeuka ikawa kubwa na ya kutisha. Watu wazima waliolizoea soko la Mbugangari tangu utoto wao walisimama langoni wakawaza: Niingie, ama nirudi? Nimguse nani? Nishike nini?

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo hili, kwa sababu naona wengi wetu wamekwisha kulisahau, na wengine wamekumbuka yasiyofaa wakayaacha yafaayo. Maoni yangu ni haya. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na kuuogopa ilikuwa haki. Lakini kilichotuharibia soko letu zaidi ni kutojua njia ya ugonjwa. Asiyejua adui apita wapi humwogopa kila mtu na kila kitu, na mwisho wake humwogopa jirani.

Kwanza na tulitazame soko lenyewe. Ndugu zetu waliomaliza shule zamani, na sasa wakaa mbali, watalikumbuka. Mbugangari iko karibu na mpaka mdogo uitwao Petite Barrière, na ng'ambo ya mpaka ni Birere, mtaa wa mji wa Goma. Hapa Kinyarwanda na Kiswahili huuza na kununua pamoja. Soko la namna hii hufanya kazi kwa mikono, kwa uso na kwa ulimi. Kwa mikono, kwa kuwa mnunuzi huliminya parachichi ajue kama limeiva, huzigeuza nyanya atazame upande wa chini, huzitia sambaza kiganjani azinuse. Kwa uso, kwa kuwa muuzaji hutazama macho na mdomo wa mnunuzi ajue kama kweli hana zaidi au anajidai tu. Kwa ulimi, kwa kuwa bei haitajwi kabla ya salamu. Huulizwa kwanza habari za nyumbani, na mtoto aliyekuwa na homa, kisha ndipo nyanya. Tena liko daftari la deni: asiye na fedha leo hupewa unga, akalipa Jumamosi. Mambo haya yote yamesimama juu ya kuaminiana.

Sasa fikiri, msomaji, ugonjwa ambao wakataza mikono, wafunika uso, na waufanya ulimi kuwa hatari. Serikali yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 14 Machi 2020. Wiki moja baadaye, usiku wa tarehe 21 Machi, nchi nzima ikafungwa, tukaamriwa kukaa nyumbani isipokuwa kwa chakula, dawa na mambo ya lazima. Barakoa zikawa amri mwezi wa Aprili. Tarehe 4 Mei masoko yakaruhusiwa wauzaji wa vitu vya lazima, lakini wasizidi nusu ya wale walioandikishwa.

Wakati huo nilikuwa mtoto wa miaka 13, na kwa kuwa shule zimefungwa nilitumwa sokoni mara nyingi. Meza moja ina mtu, ya pili tupu. Ukimtafuta mama uliyemzoea, hujui kama yumo katika nusu iliyoruhusiwa au yu mgonjwa. Ukimpata, humwoni mdomo. Ukitaja bei hujui kama acheka au amekasirika. Kwa kuwa barakoa huzuia sauti, lazima mpaze sauti, na sauti zikipazwa, mapatano ya bei husikika kama ugomvi. Nyanya huruhusiwi kuzigusa. Muuzaji akuchagulia yeye, nawe wamdhania kuwa amekutilia mbovu chini. Mtu akipaliwa na unga wa pilipili akakohoa, watu waliachana kama kuku walioona mwewe. Noti ya faranga mia tano ilishikwa pembeni kwa vidole viwili. Hata nyongeza, ile nyanya moja juu ya fungu, ilipungua, maana nyongeza hutoka katika mazungumzo, na mazungumzo yalikuwa yamefupishwa.

Kwa nini tuliogopa hata nyanya? Naona sababu ni hii: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi wa mpakani tulikuwa tumekwisha kuumwa. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na kabla ya kwisha mwezi wa Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa alithibitishwa katika mji wa Goma, mchungaji aliyekuja kwa basi kutoka Butembo. Kuanzia siku hizo kila apitaye mpakani alinawa mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto, na tulifundishwa tusipeane mikono. Tarehe 1 Agosti 2019 mpaka ulifungwa kwa muda wa saa kadhaa tu, na saa hizo chache zilitosha kututia hofu kubwa.

Mafundisho hayo yalikuwa sawa. Ebola hupita kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Mtu akinawa na kujizuia kugusa amejikinga sana. Wala Ebola haikuvuka mpaka kuingia Rwanda. Basi Korona ilipokuja miezi michache baadaye, tulichukua ufunguo wa Ebola tukataka kuufungia mlango wa Korona. Lakini Korona ina njia nyingine. Wataalamu wamethibitisha kuwa hupita zaidi kwa pumzi, hasa ndani ya chumba kilichofungwa ambamo watu wengi wapumua hewa moja, na kwamba ni mara chache mtu huipata kwa kushika kitu. Kwa hiyo tulifanya kinyume. Walikuwako watu waliofua noti na kuosha karoti kwa sabuni, kisha wakaingia katika duka dogo lisilo na dirisha, wakasimama humo robo saa wakizungumza, barakoa imeshuka kidevuni. Soko la wazi, lenye upepo wa ziwa, lilikuwa na hatari ndogo kuliko duka lile. Nyanya haikuwa na hatia.

Hofu isiyo na elimu haikomi kwenye vitu. Ikisha kutoka kwenye nyanya huhamia kwa aliyeileta. Mara tulisikia watu wakisema, "Ugonjwa ni wa watu wa kule." Mpaka ulifungwa kwa waendao kwa miguu, malori ya bidhaa yakaendelea kupita. Kabla ya hapo watu kwa makumi ya maelfu walivuka Petite Barrière kila siku, na wengi wao ni akina mama wenye kapu kichwani. Mama wa namna hii hununua karoti na vitunguu asubuhi, huviuza Goma, na jioni hurudi na mtaji wake na faida ya kununulia chakula. Kesho hufanya vivyo hivyo. Mtaji wake wote wamo kapuni. Akizuiwa wiki moja, nyumba yake hula faida. Akizuiwa wiki mbili, hula mtaji. Wafanyabiashara wadogo walishauriwa kukusanya mizigo yao pamoja na kuisafirisha kwa gari moja, na shauri hilo liliwasaidia baadhi yao. Lakini kwa mwenye kapu moja gari ni kitu kikubwa. Nchi yetu ilifungua tena mipaka ya ardhi tarehe 7 Machi 2022, karibu miaka miwili baada ya kuifunga. Akina mama wengine walikuwa wamekwisha kupoteza meza na wateja.

Nasi tulionjeshwa dawa ile ile. Mwanzoni mwa Juni 2020, safari kati ya mikoa ziliporuhusiwa tena, wilaya yetu ya Rubavu na ile ya Rusizi hazikuruhusiwa. Mbele ya wenzetu wa Kigali na Huye, sisi tukawa watu wa kule. Nani katika sisi alipendezwa na jina hilo?

Najua wako watakaonijibu, "Heri mashaka kuliko kaburi. Ungetaka masoko yaachwe wazi watu wafe?" Jibu langu ni kwamba sitaki hivyo. Siwalaumu waliotoa amri, maana mwanzoni hapana nchi iliyoujua vema ugonjwa ule. Kupunguza watu na kuvaa barakoa kulifaa, maana ni kinga ya pumzi. Wala serikali haikuwasahau wanunuzi: mwezi wa Machi 2020 ilitangaza bei za vyakula na kuwatoza faini waliopandisha, na malipo ya kutuma fedha kwa simu yaliondolewa kwa miezi mitatu. Kinachonisikitisha ni neno lile la "watu wa kule", kwa sababu halikumkinga mtu yeyote, na ugonjwa ulipokwisha neno lilibaki.

Tena neno hilo ni la uongo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na watu wa Goma wakakimbilia kwetu kwa maelfu, wamebeba magodoro na watoto. Korona ilikuwa ingaliko, na amri ya kutotembea usiku ilikuwa ingaliko. Hata hivyo mpaka ulifunguliwa, na wengi walipata mahali pa kulala kwa jamaa na marafiki upande huu. Ikiwa tuliweza kuwa majirani usiku wa moto, twaweza kuwa majirani mchana wa soko. Kisha mwaka 2024 ukaja ugonjwa wa Marburg. Huo haukutoka ng'ambo. Mgonjwa wake wa kwanza alihusishwa na popo wa pango la mgodi hapa hapa Rwanda. Ulitangazwa tarehe 27 Septemba, ukawapata watu 66, ukaua 15, na tarehe 20 Desemba ikatangazwa kuwa umekwisha. Waliopatwa walikuwa hasa waganga na wauguzi waliowahudumia wagonjwa. Nani aseme huo ulikuwa wa watu wa kule?

Wengine hufikiri kuwa dawa ya yote haya ni kuliacha soko la kale: tulipe kwa simu, bei ziandikwe, kila mtu achukue chake aende zake. Fedha za simu nazipenda, na bibi asiyejua kusoma noti hupata amani kwazo akiwa na mtu mwaminifu wa kumsomea ujumbe. Lakini katika miezi ya kufungwa, nyumba nyingi zisizo na akiba zilikula kwa daftari la deni. Simu haikumjua aliyefiwa wala aliyeachishwa kazi. Mwenye duka alimjua, kwa sababu ya miaka mingi ya kuulizana habari. Tukiitupa salamu tutalitupa na daftari.

Kwa hiyo natoa mashauri manne, kwa sababu ugonjwa mwingine utakuja, na yafaa utukute tayari.

Kwanza, maji na sabuni yakae kwenye malango ya soko siku zote. Vile vyombo vya kukanyaga kwa mguu, "kandagira ukarabe", vingi viliachwa vikakauka hofu ilipopoa. Kipindupindu na kuhara havingoji kutangazwa.

Pili, siku ugonjwa utangazwapo, swali letu la kwanza liwe: Wapita njia gani? Kwa pumzi, kwa kugusa, kwa maji, ama kwa mdudu? Jibu liandikwe ubaoni kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na lisomwe kwa sauti, maana si kila mama ajua kusoma. Kazi hiyo sisi wanafunzi twaweza kuifanya bila mshahara.

Tatu, wauzaji wadogo wajiwekee akiba ya siku za kufungwa katika ikimina, au likelemba kama wasemavyo Goma. Fungu dogo la kila wiki laweza kuulinda mtaji usiliwe.

Nne, salamu isife. Ikikatazwa kupeana mikono, weka mkono kifuani, itikia, uliza habari za watoto. Hakuna ugonjwa uliozuia kumtaja mtu kwa jina lake.

Nanyi ndugu zetu mliotangulia, ambao sasa ni waganga, walimu, maofisa na wafanyabiashara, nawaombeni neno moja. Siku mtakapokaa katika baraza la kuamua kama soko lifungwe au lisifungwe, mkumbukeni mama wa kapu moja. Mwiteni mumsikilize kabla hamjaandika, naye atawaambieni kapu lake laweza kukaa siku ngapi bila kuvuka. Ikiwa hapana budi kufunga, fungeni. Lakini mwambieni sababu, mwambieni na siku, ili asije akamwona mteja wake wa Birere kuwa ndiye aliyemfungia mlango.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita
Mbugangari, Gisenyi